Ajali kwenye Kona ya Miwa: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki kilitokea ndani ya shamba kubwa la miwa Tanzania Bara. Jina la shamba, mkoa, mwaka na majina ya wahusika nimeyaondoa. Namba za vitalu nimezificha, na mambo madogo yasiyogusa fundisho nimeyabadili ili mtu asitambulike. Siku hiyo nilikuwa tabibu wa zamu katika zahanati ya shamba. Ninawaandikia wenzangu wa zahanati za mashamba, migodi na viwanda, pamoja na maofisa usalama tunaofanya nao kazi. Ajali za magari tunazozipokea hazitokei barabarani, lakini tunaziandika kana kwamba zimetokea barabarani.

Mazingira

Shamba lina njia zake za udongo zilizokatwa kati ya vitalu. Malori ya miwa hupita humo, matrekta yenye matela, pikipiki, baiskeli na pikapu za kusombea wakata miwa. Trafiki hawaingii. Alama zilizopo ni vibao vya namba za vitalu tu. Muwa uliokomaa hufika mita 3 na zaidi, na kwenye vitalu vingi ulikuwa umepandwa mpaka ukingoni mwa njia. Ukifika njia panda, huoni kinachokuja mpaka boneti yako imeshaingia katikati.

Kanuni za shamba ziliweka mwendo usiozidi kilomita 40 kwa saa na zilikataza mtu kupanda nyuma ya pikapu. Wafanyakazi walikuwa na basi lao dogo, ila wiki hiyo lilikuwa gereji likisubiri kipuri, na kiwanda kilikuwa kinasubiri miwa. Kwa siku 9 mfululizo wakata miwa wakawa wanapelekwa kitaluni kwa pikapu. Kila aliyekuwa na mamlaka ya kulizuia jambo hilo aliliona likipita mbele ya macho yake. Mimi mwenyewe niliwapungia mkono zaidi ya mara moja.

Asubuhi ya ajali pikapu ilibeba watu 9. Dereva na msimamizi wa zamu, mama wa makamo, walikuwa ndani. Nyuma walikuwa wakata miwa 6. Wanne walikaa sakafuni na wawili kwenye ukingo wa bodi. Wa tisa, kijana wa miaka ishirini na kitu, alisimama kwenye bampa la nyuma akishikilia chuma. Pamoja nao kulikuwa na pipa la maji ya kunywa la lita 200, limejaa na halikufungwa, na mapanga yamelazwa sakafuni bila ala.

Kilichotokea

Saa 12:40 asubuhi pikapu iliingia njia panda ya vitalu viwili. Lori tupu la miwa lilikuwa linatoka upande wa kushoto. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza na vumbi la lori lililotangulia lilikuwa bado halijatua. Dereva wa lori alisema aliiona pikapu ikiwa imeshafika mbele yake. Lori liliigonga ubavu wa kushoto, kwenye mlango wa msimamizi, likaisukuma mpaka kwenye mfereji wa umwagiliaji.

Wawili waliokaa ukingoni walirushwa nje, na kijana wa kwenye bampa pia. Pipa liliteleza na kumbana mtu mmoja paja kwenye bodi. Mapanga yaliwakata wawili, mmoja mkono na mwingine kisigino. Dereva hakuwa amefunga mkanda, akajigonga kifua kwenye usukani. Msimamizi alikuwa amefunga, peke yake kati ya watu 9. Dereva wa lori alitoka na uvimbe wa paji la uso.

Taarifa ilifika zahanati saa 12:50 kwa redio ya upepo. Maneno yalikuwa, "Gari limepinduka, watu wengi, njooni." Namba ya kitalu haikutajwa, tukapoteza dakika kadhaa kuiulizia. Tulifika mimi na muuguzi saa 1:10, na gari la wagonjwa moja.

Wenzao walikuwa wameshafanya walichoweza. Kijana mmoja kati ya wale waliorushwa kutoka ukingoni alikuwa amebebwa na watu wawili, mmoja kwapani na mmoja miguuni, shingo ikining'inia, akalazwa kivulini. Aliniambia vidole vinamfa ganzi. Aliyekatwa kisigino alikuwa anapiga kelele. Aliyebanwa na pipa paja lilikuwa limepinda. Kijana wa kwenye bampa alikuwa amelala chali, anakoroma, na damu inamtoka sikioni.

Msimamizi alikuwa amekaa chini ya mwembe, mgongo kwenye shina, anaita majina ya watu wake kuhakikisha wote wapo. Nilipomkaribia alinizuia kwa mkono. "Daktari, anza na vijana wangu. Mimi nimegongwa ubavu tu."

Nikampima haraka. Mapigo yalikuwa 92 na presha 118 kwa 76. Nikamwambia, "Pole mama, nakuja," nikamwacha.

Maamuzi na sababu zake

Kijana wa kwenye bampa nilimpa nafasi ya kwanza. Kipimo chake cha fahamu cha Glasgow kilikuwa 8 kati ya 15, na mboni moja ilikuwa pana kuliko nyingine. Huyo alihitaji hospitali yenye kipimo cha kichwa na daktari wa upasuaji, yaani hospitali ya rufaa na si ya wilaya iliyo karibu zaidi. Tulimfunga kola ya shingo, tukamlaza kwenye machela na kumwekea oksijeni. Gari la wagonjwa likaondoka naye saa 1:45. Nilimpakia pia kijana mwenye ganzi ya vidole, akiwa na kola na amelazwa bapa juu ya ubao tuliouchomoa kwenye bodi ya pikapu. Gari lilikuwa na nafasi ya wawili, na kwa macho yangu hao ndio waliokuwa na hali mbaya kuliko wote.

Uamuzi wa pili ulihusu polisi. Meneja wa kitengo alifika akauliza kama tunahitaji PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, kabla ya kuwasafirisha, kisha akajijibu mwenyewe kwamba hapa si barabarani, kwa hiyo polisi hawahusiki. Alikosea mara mbili. Majeruhi wa dharura hutibiwa kwanza na PF3 hufuata. Na kama mtu anaweza kufa kwa ajali, polisi wanahusika hata kama ajali imetokea uani kwako. Nililisimamia la kwanza. La pili nililiacha lipite, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi. Polisi waliitwa baada ya muda wa saa 3. Kufikia hapo malori yalikuwa yamezuiliwa njia, trekta likaivuta pikapu pembeni, na greda likapita.

Uamuzi wa tatu uliamuliwa na muuguzi wangu, na namshukuru hadi leo. Gari la wagonjwa lilipoondoka nilirudi kufunga banzi kwenye paja lililovunjika. Muuguzi akanifuata. "Daktari, yule mama ameomba maji mara ya tatu."

Ilikuwa saa 2:00. Mapigo 124, presha 96 kwa 60, viganja baridi, midomo imepauka. Nilipombonyeza chini ya mbavu za kushoto alikunja uso, akaniambia maumivu yanapanda mpaka begani. Kwa mtu aliyegongwa mlangoni upande wa kushoto, ishara zote hizo pamoja zina jina moja, nalo ni bandama. Mbavu za 9 hadi 11 za kushoto ndizo zinazoifunika, na zikivunjika bandama huumia nazo. Mtu mzima mwenye afya huweza kupoteza damu inayokaribia lita moja huku presha yake ikisomeka ya kawaida. Kinachotangulia kubadilika ni mapigo.

Gari la wagonjwa halikuwepo. Tulichukua Land Cruiser ya meneja, tukakunja viti na kuweka godoro. Tulimpeleka hospitali ya wilaya, umbali wa kilomita 38, kwa sababu ina chumba cha upasuaji na daktari anayeweza kufungua tumbo. Hospitali ya rufaa ilikuwa mbali mno kwa mtu anayevuja ndani. Nilipiga simu kabla hajafika. Tulimtundikia dripu kwa kiasi, kwa kuwa kuongeza maji mengi kwa mtu anayevuja damu huizimua damu iliyobaki na kuzuia isigande. Wakata miwa 4 walipanda gari la pili kwenda kumtolea damu, bila kuombwa na mtu.

Waliobaki tuliwahudumia zahanati. Aliyevunjika paja alitumwa mchana. Aliyekatwa kisigino alipelekwa kesho yake kuungwa kano.

Matokeo

Msimamizi aliingia chumba cha upasuaji saa 3:40 asubuhi. Bandama ilitolewa, akapewa chupa 3 za damu. Alirudi kazini baada ya miezi minne, ofisini, na anajua kwamba akipata homa anapaswa kuwahi hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu asiye na bandama hupambana na baadhi ya bakteria kwa shida.

Kijana wa kwenye bampa alifariki usiku wa pili hospitali ya rufaa.

Mwenye ganzi ya vidole alikuwa na mvunjiko wa pingili ya shingo. Anatembea, lakini mkono wake wa kulia hauna nguvu ya kushika panga. Paja liliunga. Kisigino kiliungwa, mwenyewe anachechemea kidogo wakati wa baridi. Dereva wa pikapu alivunjika mbavu mbili na kupona.

Uchambuzi: pale njia panda

Nianze na kosa langu. Nilipanga wagonjwa kwa kelele na damu, na mama aliyekaa kimya akanidanganya kwa heshima yake. Kitu kilichopaswa kuniongoza kilikuwa mbele yangu. Mlango wa kushoto ulikuwa umeingia ndani kiasi cha kiganja na kukisogelea kiti, na mimi nilipita karibu nao mara mbili. Mkanda ulimzuia asirushwe, na bila shaka ulimwokoa, ila mkanda haumkingi mtu na mlango unaomjia ubavuni. Gari lililogongwa humweleza tabibu mambo mengi kabla hajamgusa mgonjwa. Siku hizi nikifika eneo la ajali nalizunguka gari kwanza, nusu dakika. Nahesabu viti, naangalia chuma kimeingia wapi, ndipo nauliza nani alikaa hapo.

Kilichotuokoa ni kupima mara ya pili. Muuguzi alikuwa anaandika saa na mapigo ya kila mmoja kwa kalamu ya wino mzito juu ya mkono wa mgonjwa. Bila ile 92 mkononi mwa mama, 124 ingekuwa namba tu.

Shingo ya yule kijana inaniuma. Waliombeba walifanya kwa upendo, na kama kungekuwa na moto wangekuwa sahihi kabisa. Lakini hapakuwa na moto. Hakuna mtu aliyekuwa amewafundisha watu wa kitaluni kwamba aliyerushwa kutoka kwenye gari aachwe alipolala, kichwa kishikwe kwa mikono miwili, mpaka tufike. Somo hilo linachukua dakika 10, na hakuna sababu yoyote ya kutolifundisha. Sasa linafundishwa siku ya malipo, watu wote wakiwa wamekusanyika.

Halafu mizigo. Ajali za barabarani zimetuzoesha kufikiria usukani, kioo na dashibodi, kumbe ndani ya shamba majeruhi huumizwa na kile walichopakiwa nacho. Pipa lililojaa lina uzito wa karibu kilo 200, na linateleza kwa mwendo ule ule uliokuwa nao gari. Panga lisilo na ala halihitaji hata mwendo huo. Kati ya watu 6 waliokuwa nyuma, 3 waliumizwa na mizigo. Sasa mapanga husafiri kwenye sanduku la bati lenye kufuli, na maji hupelekwa kwa trekta kabla ya watu. Ni mabadiliko ya bei ndogo, na ningeomba yaigwe hata na shamba lisilokuwa na nia ya kubadili kitu kingine chochote.

Mwendo pia. Dereva wa lori alikiri alikuwa kwenye 60 hivi. Nguvu ya mgongano hupanda kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo gari la kilomita 60 kwa saa linakuja na nguvu zaidi ya maradufu ya lile la 40. Hata hivyo sitaki lawama iishie kwake. Alilipwa kwa tripu, jua lilikuwa machoni, na kona ilikuwa imezibwa na miwa iliyopandwa na shamba lenyewe ili lisipoteze mistari michache ya mavuno. Baada ya ajali, miwa ilikatwa mita 15 kila upande wa njia panda zote kubwa. Msimu uliofuata msimamizi mpya wa kitalu kimoja aliipanda tena mpaka ukingoni. Iling'olewa, baada ya mabishano.

Uchambuzi: pale kwenye karatasi

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike kisa chote.

Kwenye rejesta ya zahanati siku ile tuliandika "ajali ya gari". Kwenye fomu ya rufaa niliandika "RTA", herufi tatu ambazo kila tabibu nchini anaziandika kwa mazoea, na maana yake ni ajali ya barabarani. Hospitali ya rufaa ikanakili kutoka kwangu. Upande wa pili, ofisi ya usalama ya shamba ilikuwa na fomu moja ya ajali za kazini, yaani mashine, kemikali, moto na kuanguka, na nyingine ya ajali za barabarani kwa magari yanayotoka nje ya geti. Ajali yetu haikuingia popote, kwa sababu gari si mashine na kitalu si barabara. Taarifa ya robo mwaka ilikaribia kwenda Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi bila kisa hiki kuwemo. Si kwamba mtu alikificha. Fomu hazikuwa na nafasi yake.

Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10, imelifikiria jambo hili kuliko sisi. Abiria au dereva wa pikapu aliyegongana na lori ana msimbo V54, kisha tarakimu ya mwisho husema alikuwa nani na wapi. Dereva nje ya barabara ya umma ni V54.0, abiria V54.1, na aliyening'inia nje ya gari V54.2. Ajali hiyo hiyo ikiwa barabarani, inakuwa V54.5, V54.6 na V54.7. Na kuna kanuni inayopaswa kubandikwa ukutani kwa kila tabibu: mahali pasipotajwa, ajali ya gari la kawaida huhesabiwa kuwa ya barabara ya umma. Kwa hiyo kalamu yangu iliponyamaza, ilisema uongo. Iliihamisha ajali ya shamba ikaipeleka barabarani, na shamba likabaki safi kwenye hesabu.

Orodha hiyo nayo ina upungufu wake kwa nchi kama zetu. Aliyekaa kwenye sehemu ya mizigo huhesabiwa abiria tu, sawa na mama aliyekaa ndani na mkanda. "Nje ya gari" ni kwa aliye kwenye bampa, paa au ngazi. Kwetu, tofauti kati ya kiti na bodi ndiyo tofauti yenyewe. Waliokaa sakafuni wakiegemea kabini walitoka bila kurushwa, na waliokaa ukingoni wote wawili walirushwa. Msimbo hauwezi kulionyesha hilo. Mtu lazima aliandike kwa maneno: alikaa wapi, ameshika nini, mkanda upo au haupo.

Nilirudi kwenye rejesta za miaka mitatu nyuma nikaanza kuwauliza watu walioandikwa "ajali ya gari" au "ameanguka" walikuwa wapi. Niliwapata 4 walioumia kwenye njia panda ile ile, kwa nyakati tofauti. Mmoja wao ni dereva wa trekta aliyekosa meno mawili. Hakuna aliyewahi kuwaweka pamoja. Laiti mahali pangeandikwa, kona ile ingejulikana kabla ya kijana yule hajasimama kwenye bampa.

Sasa rejesta yetu ina safu tuliyoichora kwa rula: namba ya kitalu, nafasi ya mtu ndani au nje ya gari, kilichomgonga. Inajazwa na muuguzi, sekunde 20. Ofisi ya usalama hupokea nakala kila Ijumaa.

Fidia

Marehemu alikuwa kibarua aliyeletwa na mkandarasi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, chini ya sheria ya 2008, huwahudumia waajiriwa wa sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara, na mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini hulipa gharama za mazishi na malipo kwa wategemezi. Mkandarasi, baada ya kusukumwa sana, alipeleka taarifa kwamba ajali ilikuwa ya kazini, kitaluni. Karatasi za hospitali zilisema RTA. Jalada likarudi likitaka ufafanuzi, na lilikuwa na haki ya kurudi.

Mama wa marehemu alikuja zahanati mwenyewe. Alikuwa amepanda magari mawili na kulala njiani. Alinionyesha karatasi, kidole juu ya zile herufi tatu, akauliza, "Mwanangu alikwenda barabara gani?"

Sikuwa na la kusema. Niliandika barua nikiwa naye pale, nikaeleza kwamba fomu ya rufaa niliijaza mimi, kwamba neno nililolitumia halikuwa sahihi, kwamba ajali ilitokea saa 12:40 asubuhi kwenye njia panda ya vitalu viwili ndani ya shamba, marehemu akiwa amesimama kwenye bampa la nyuma la gari lililokuwa linampeleka kazini kwa maagizo ya kazi. Aliniomba nimsomee. Nilimsomea mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani. Malipo ya kwanza yalimfikia baada ya miezi mitano.